Bomba linalovuja ni la nani? Matengenezo madogo ya nyumba za kupanga Tanzania, Kenya na Uganda

Kitasa kisichofunga, bomba linalodondosha maji usiku kucha, soketi inayotoa cheche, bati lililopasuka juu ya kitanda: hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoweza kuitwa janga. Hata hivyo, ni kasoro za aina hiyo zinazovunja uhusiano kati ya mpangaji na mwenye nyumba, na ndizo zinazokula amana siku ya kuhama. Kwa Waswahili wa Rwanda na Burundi waliohamia nchi jirani kwa biashara, masomo au kazi, suala hili lina uzito wa ziada, kwa kuwa mpangaji mgeni mara nyingi hajui sheria ya mahali alipo wala desturi za wenyeji wake.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kusafiri, kufanya kazi na kuishi katika nchi nyingine za Jumuiya kwa masharti yaliyowekwa. Lakini Ibara ya 15 ya Itifaki hiyo inasema kwamba upatikanaji na matumizi ya ardhi na majengo yataongozwa na sera na sheria za kila nchi. Kwa maneno mengine, hakuna sheria moja ya upangaji kwa Afrika Mashariki yote. Anayepanga chumba Kigoma yuko chini ya sheria ya Tanzania, anayepanga Nairobi yuko chini ya ile ya Kenya, na anayepanga Kampala yuko chini ya ile ya Uganda.

Makala haya yanaeleza sheria za nchi hizo tatu zinasema nini kuhusu matengenezo, ni kasoro zipi zisizostahili kusubiri, na njia ambayo mpangaji anaweza kuifuata bila kupoteza haki yake wala kuharibu maelewano.

Kwa nini kasoro ndogo hupuuzwa

Sababu ya kwanza ni kutegeana. Mpangaji huona kwamba nyumba si yake, basi kwa nini atoe fedha zake kununua kitasa? Mwenye nyumba naye huona kwamba kitu kidogo namna hiyo ni cha anayekitumia. Kila mmoja humngoja mwenzake, na kasoro hukua wakati wawili hao wakitazamana.

Sababu ya pili ni hofu. Wapangaji wengi hunyamaza wakiamini kwamba anayelalamika hupandishiwa kodi au huambiwa atafute pengine. Hofu hiyo huwa kubwa zaidi kwa mgeni ambaye hana ndugu wa karibu wa kumpokea ikiwa atatolewa ndani.

Sababu ya tatu ni umbali. Nyumba nyingi za mijini huendeshwa na dalali, msimamizi au jamaa wa mwenye nyumba. Mpangaji humweleza msimamizi kwa mdomo, msimamizi husahau, na mwenye nyumba hupata habari siku ukuta unapobomoka. Hapo methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta hutimia kwa maana yake halisi, tena kwa gharama ya mtu ambaye hakuwahi kuambiwa kuhusu ufa.

Tanzania: wajibu uliomo hata usipoandikwa

Tanzania iliwahi kuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, lakini sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu wakati huo, uhusiano wa mpangaji na mwenye nyumba umesimama zaidi juu ya mkataba wao pamoja na Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999.

Kifungu cha 88 cha sheria hiyo kinaorodhesha ahadi ambazo mwenye nyumba huhesabiwa kuwa amezitoa katika mkataba wa pango hata kama hazikuandikwa. Miongoni mwake ni kwamba nyumba, fleti au chumba kinachopangishwa kitakuwa kinafaa kwa makazi ya binadamu siku ya kwanza, na kitaendelea kufaa muda wote wa pango. Pale ambapo ni sehemu tu ya jengo iliyopangishwa, mwenye nyumba anatakiwa kutunza paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu ya maji, pamoja na sehemu na vifaa vya matumizi ya pamoja, zikiwemo njia za kupitia.

Maana ya kifungu hiki huonekana wazi katika nyumba za vyumba sita au zaidi, zenye ukumbi katikati na choo kimoja uani. Paa linalovuja, ukumbi wenye giza kwa sababu nyaya zimekatika, karo lililofurika na bomba la uani ni mambo ya mwenye nyumba. Desturi ya wapangaji kuchangishana ili kuzibua karo ni ya kibinadamu na huokoa muda, lakini haimwondolei mwenye nyumba wajibu wake, na risiti za mchango huo zinafaa kutunzwa.

Kifungu cha 89, kwa upande wake, kinamtaka mpangaji alipe kodi, atunze majengo katika hali nzuri ya kuridhisha, na amruhusu mwenye nyumba kukagua kwa nyakati zinazofaa. Anapohama anatakiwa kuikabidhi nyumba katika hali aliyoikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida na uharibifu wa mambo yaliyo nje ya uwezo wake kama vile mafuriko au dhoruba. Kwa hiyo rangi iliyofifia kwa jua haimhusu. Kioo kilichovunjwa na mtoto wake kinamhusu.

Kenya: sheria inayofanana, mabaraza tofauti

Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inafanana sana na ile ya Tanzania katika jambo hili. Vifungu vya 65 na 66 vinagawa wajibu kwa namna ileile: mwenye nyumba anawajibika kwa paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za pamoja, na kwa kuhakikisha kwamba nyumba inafaa kukaliwa na binadamu, mpangaji anawajibika kuitunza na kuirejesha katika hali aliyoipokea, uchakavu wa kawaida ukiondolewa.

Kipo kipengele kingine ambacho wapangaji wachache wanakijua. Nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au dhoruba bila uzembe wa mpangaji, hata isifae kukaliwa yote au sehemu yake, kodi au sehemu yake inayolingana na uharibifu husimama mpaka nyumba itengenezwe. Ikipita miezi sita bila kutengenezwa, mpangaji anaweza kuvunja pango kwa kutoa notisi ya mwezi mmoja. Lakini kipengele hicho ni cha majanga. Sinki lililoziba au bomba linalovuja haliingii humo.

Kenya pia ina Baraza la Kudhibiti Kodi za Nyumba, lililoundwa chini ya sheria maalumu, Sura ya 296. Ugumu ni kwamba sheria hiyo inahusu nyumba za makazi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa miongo kadhaa iliyopita. Wenye maduka, hoteli na migahawa wana baraza lao tofauti chini ya Sura ya 301. Wapangaji wa makazi wanaolipa zaidi ya kiwango hicho hutegemea mkataba wao, Sheria ya Ardhi na mahakama.

Kasoro inapogusa afya, kama vile maji taka yanayotiririka uani, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa afisa wa afya uwezo wa kumtaka mhusika aondoe kero hiyo. Mara nyingi ziara ya afisa huyo huleta matokeo mapema kuliko kesi.

Uganda: sheria mpya zaidi

Uganda ndiyo yenye sheria mpya zaidi kati ya nchi hizi tatu: Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022. Inamtaka mwenye nyumba apangishe nyumba inayofaa kwa makazi ya binadamu na kuitunza, na inamtaka mpangaji asiiharibu. Makubaliano yanayofikia thamani ya shilingi 500,000 za Uganda yanapaswa kuwa ya maandishi. Kodi haipaswi kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na kumfukuza mpangaji bila amri ya mahakama ni kosa.

Mambo mawili ya mwisho yanagusa hofu iliyotajwa hapo juu. Mpangaji wa Kampala anayeomba bomba litengenezwe, kisha akaletewa kodi iliyopanda ghafla kwa nusu au akafungiwa mlango, ana sheria ya kusimama nayo. Kabla ya kufika mahakamani, wengi huanza kwa mwenyekiti wa LC1 wa eneo lao, ambaye huwafahamu wenye nyumba wa mtaa na mara nyingi huyamaliza mazungumzo hukohuko.

Kasoro zisizosubiri

Si kila kasoro ina haraka sawa. Mlango wa kabati uliolegea unaweza kungoja mwezi. Nyingine zapaswa kushughulikiwa siku hiyohiyo.

Umeme huja kwanza. Soketi yenye moto, swichi inayonusa kuungua au ukuta unaopiga shoti unapoguswa ni dalili za hatari ya moto au kifo. Hatua ya kwanza ni kuzima swichi kuu na kuacha kutumia sehemu hiyo. Kazi yenyewe ifanywe na fundi mwenye leseni. Nchini Tanzania leseni hutolewa na EWURA, nchini Kenya na EPRA, na nchini Uganda na ERA. Kumpa kazi hiyo jirani anayejua kidogo ni kuhatarisha maisha, na nyumba ikiungua, lawama zaweza kumrudia mpangaji aliyemwita.

La pili ni hewa. Kioo kikivunjika, wengi huziba dirisha kwa boksi au nailoni. Katika chumba kinachopikiwa kwa jiko la mkaa, kuziba huko ni hatari kubwa, kwa kuwa mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Mpaka kioo kirudishwe, jiko lipelekwe nje.

La tatu ni maji yaliyotuama. Mfereji wa paa ulioziba, chemba isiyo na mfuniko au dimbwi chini ya bomba ni mahali pa mbu kuzaliana, na katika joto la ukanda wetu yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili. Wavu wa dirisha uliotoboka huwaruhusu waingie. Kushona wavu huo kwa sindano na uzi ni kazi ya dakika chache na haihitaji ruhusa ya mtu.

La nne ni mlango wa nje. Kitasa kibovu huacha mali na watoto bila ulinzi. Mpangaji anayebadilisha kitasa amjulishe mwenye nyumba kwanza na kukitunza kile cha zamani, ili siku ya kuhama kusitokee madai kwamba kimeibwa.

Bomba linalovuja huonekana dogo, lakini laweza kupimwa. Wekeni kikombe chini yake kwa saa moja. Kikombe cha robo lita kikijaa, hiyo ni lita 6 kwa siku, na lita 180 kwa mwezi, yaani madumu tisa ya lita 20. Mpangaji anayelipia maji kwa mita anaweza kuzidisha mwenyewe na kuona kama raba mpya ya bomba ni ghali kuliko bili. Takwimu kama hiyo pia husaidia katika mazungumzo, kwa kuwa mwenye nyumba aliyezoea kusikia malalamiko huisikiliza hesabu.

Paa nalo lina msimu wake. Katika sehemu kubwa ya ukanda huu masika huanza Machi na vuli huanza Oktoba. Anayeona tone la kwanza mwezi Machi amechelewa, kwa kuwa wakati huo mafundi wana kazi nyingi na bati lililolowa halizibiki vizuri. Ukaguzi wa misumari ya bati, raba zake na mifereji ufanyike Januari au Februari, na tena kabla ya Oktoba.

Namna ya kumwarifu mwenye nyumba

Sheria zote tatu hazimsaidii sana mpangaji asiyeweza kuonyesha kwamba alitoa taarifa. Kwa hiyo taarifa iwe ya maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, na iwe na mambo matano: mahali kasoro ilipo, ilianza lini, inaleta madhara gani, kinachoombwa, na muda ambao fundi anaweza kufika. Picha ziambatishwe.

Heshima haipunguzi uzito wa ujumbe. Mfano huu unaweza kutumika Tanzania:

"Shikamoo Mzee. Ni mpangaji wako wa chumba cha tatu kushoto. Tangu Jumatatu bomba la jikoni linavuja hata likifungwa. Nimeweka ndoo, lakini ukuta umeanza kulowa. Fundi aliyeliona anasema linahitaji raba mpya. Naomba litengenezwe kabla ya Jumamosi. Nipo nyumbani kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni. Nimekutumia picha mbili. Ahsante, Mzee wangu."

Nairobi au Kampala, ambako shikamoo haijazoeleka kwa kila mtu, salamu ya kawaida yatosha. Kama mawasiliano hupitia kwa msimamizi, ujumbe uende kwake na nakala iende kwa mwenye nyumba pale namba yake inapojulikana. Jambo likizungumzwa kwa simu, ujumbe mfupi ufuate: "Kama tulivyoongea leo asubuhi, umesema fundi atakuja Alhamisi."

Kujitengenezea na kukata kwenye kodi

Njia iliyozoeleka ni mpangaji kutengeneza kwa fedha zake, kisha kukata gharama hiyo kwenye kodi inayofuata. Njia hii ni nzuri pale tu yanapokuwepo makubaliano ya awali. Kabla ya fundi kugusa kitu, mpangaji atume bei ya vifaa na ya ufundi, apate jibu la "sawa, kata kwenye kodi", kisha atunze risiti. Bila jibu hilo, mwenye nyumba anaweza kusema hakuagiza kazi, au kwamba angepata fundi wa bei nafuu.

Kuacha kulipa kodi kabisa ili kumshinikiza mwenye nyumba ni kosa linalowagharimu wengi. Mpangaji aliyekuwa na haki kuhusu paa hugeuka mdaiwa, na mazungumzo huhama kutoka kwenye paa kwenda kwenye deni. Nchini Kenya, Sheria ya Kukamata Mali kwa Ajili ya Kodi, Sura ya 293, inamruhusu mwenye nyumba kutumia dalali wa mnada mwenye leseni kukamata mali za mpangaji anayedaiwa. Televisheni na friji vinaweza kuondoka kabla paa halijazungumziwa.

Mwenye nyumba akikaa kimya, ngazi inayofuata ni watu wa karibu. Tanzania ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata, ambalo kazi yake ni kusuluhisha, na halafu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kenya ni chifu au afisa wa afya, kisha baraza au mahakama kulingana na aina ya pango. Uganda ni LC1, kisha mahakama. Mgeni aende na mkataba, risiti za kodi, ujumbe aliotuma na kitambulisho au kibali chake cha kuishi.

Siku ya kuingia ndiyo hulinda siku ya kutoka

Ugomvi mwingi wa amana huzaliwa siku ya kwanza, pale mpangaji anapopokea funguo bila kukagua. Kabla ya kuingiza kitanda, afungue kila bomba, avute maji chooni, ajaribu kila swichi, afunge na kufungua kila mlango na dirisha, kisha atazame dari kama ina madoa ya maji. Kila kasoro iandikwe kwenye karatasi mbili, zitiwe saini na pande zote mbili, na kila upande ubaki na nakala. Picha zipigwe mchana na kutumwa kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo, ili tarehe ibaki kwenye simu za wote wawili.

Hapohapo wakubaliane nani atabeba nini, kwa kuwa mikataba mingi hugawa kazi hizi kwa namna yake. Mgawanyo unaotumika sana ni huu: mpangaji anabeba vitu vinavyokwisha kwa matumizi, kama taa, betri na usafi wa sinki, pamoja na alichokiharibu mwenyewe, mwenye nyumba anabeba paa, kuta, nyaya, mabomba ya ukutani, karo na kila kilichochakaa kwa umri. Mstari mmoja wa kuongeza ni kiasi cha fedha ambacho mpangaji anaweza kukitumia kwa dharura bila kusubiri ruhusa, kisha akarejeshewa. Mstari huo humwezesha kumwita fundi usiku wa mvua bila kuhofia kwamba kesho yake ataulizwa nani alimtuma.